Kidole cha Zambarau

Alhamisi, 23 Novemba 1995. Mvua: milimita 9.2

Na si kwamba Ramson anaichezea mvua kwa chupa, kama Bibi anavyodai, anaipima. Nimeshamweleza mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili, siku moja tu baada ya harusi, tulipokwenda kumuaga kabla hajarudi kijijini kwake Mpitimbi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja kanga zake, kisha akauliza, "Sawa, mke mwenzangu. Ikishapimwa, inaongezeka?" Ramson alicheka mpaka akakaa chini. Bibi Kunegunda anamwita "mume wetu", kama ilivyo haki ya bibi yeyote kwa mume wa mjukuu wake, na analalamika kwa kila mtu kwamba tumeletewa mwanaume kutoka Same asiyejua kushika jembe.

Mimi sijali jembe. Naandika haya kwenye meza yetu, nyumbani kwetu Bombambili, mjini Songea, katika daftari jeusi lenye jalada gumu nililopewa na mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika neno hili na sasa nalitazama. Amesema anayeishi na mpima mvua lazima naye awe na kitabu, na kwamba kila siku ataniletea namba niiandike juu ya ukurasa. Saa tatu kamili asubuhi, hata Jumapili, hata siku ile iliyofuata harusi, anakuwa ameshafika kwa baiskeli kituo cha hali ya hewa. Anafungua chombo cha bati, anamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, anainama mpaka jicho lake linalingana na maji, halafu anaandika. Nimemwona anavyoinama. Bibi naye angemwona anavyoinama, asingeuliza kitu.

Jana amenifundisha kanuni ya kazi yao. Kwenye kitabu cha mvua hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja tu ili kosa liendelee kusomeka, unaandika namba iliyo sahihi juu yake, kisha unaweka herufi za jina lako. "Kosa nalo linatunzwa," alisema. Nilimbusu kabla hajamaliza.

Nataka iandikwe pia kwamba Bibi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne. Kwa harusi hii alikifungua kihenge chake akachota mahindi mpaka mkono ukagusa udongo, ili wageni wa Same wasije wakasema kwetu kuna njaa. Nimemwahidi kwamba tutakwenda kumwona kabla Desemba haijaisha.

Jumamosi, 25 Novemba. Mvua: sifuri

Leo nimeingia rasmi katika Vijana wa Amani na Mazingira, kundi la Ramson. Tuko kumi na mmoja, tunakutana katika darasa moja la shule ya msingi, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mwenyekiti ni Isidori, fundi redio, mtu wa maneno. Aliponiona alisema, "Mnakaa Bombambili, halafu mnapinga mabomu?"

Kuna barua tutakayopeleka Dar es Salaam, na kutoka huko iende kwa wakubwa wa dunia. Inataka mambo mawili. La kwanza, nchi zenye mabomu ya nyuklia ziache kuyajaribu. Wakati huu huu kuna moja inayalipua chini ya bahari, kwenye visiwa vya watu wa mbali huko Pasifiki. La pili, nchi zenye viwanda zipunguze moshi unaochafua hewa ya wote, kwa sababu anayeumia hali ya hewa ikiharibika ni mkulima ambaye hajawahi hata kuwa na kiwanda. Ramson alipozungumza habari ya mkulima sauti ilimtetemeka. Nilitazama chini nisije nikaonekana ninavyomtazama.

Barua inahitaji majina, na sahihi. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba.

Jumamosi, 2 Desemba. Mvua: 31.4

Mvua kubwa! Matogoro imefunikwa tangu alfajiri, huwezi kujua kama kuna mlima. Kila mtu aliye na shamba ameondoka mjini. Bibi naye atakuwa anapanda, kanga imefungwa kiunoni, anaimba.

Alhamisi, 7 Desemba. Mvua: sifuri

Ramson ameniletea maua ya porini kwenye mfuko wa karatasi za kituo.

Jumatatu, 11 Desemba. Sifuri.

Jumatano, 13 Desemba. Sifuri.

Jua la kukaanga. Ramson anasema mahindi yaliyochipua hayawezi kuvumilia zaidi ya juma moja.

Jumamosi, 16 Desemba. Mvua: sifuri

Ninyi mtakaosoma daftari hili nikishazeeka, jueni kwamba leo nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa mkoa wa Ruvuma.

Tulikwenda Mpitimbi kutafuta majina, Ramson, mimi na Isidori, juu ya lori tupu la wafanyabiashara wa mahindi. Katekista alikuwa ameshatangaza, watu wakakusanyika mbele ya godauni la zamani la ushirika. Njiani tuliona mahindi machanga yamejisokota kama sigara. Wazee walitutazama juu mpaka chini. Uchaguzi haujapita mbali, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa, "Hiki ni chama gani?" Isidori akajibu kwamba sisi ni chama cha wasio na gari, na watu wakacheka kidogo.

Ramson alisimama kwenye ngazi ya godauni akaeleza. Alitumia maneno yake mazuri: majaribio ya nyuklia, uharibifu wa anga, waathirika wa hali ya hewa. Mimi nikatafsiri kwa Kingoni. Nyuklia sikuipatia neno, na jua lilikuwa kali, nikaliruka. Nilisema tunaandika majina ya watu walioumizwa na hali ya hewa, ili wakubwa wa dunia wawajue.

Hapo ndipo watu walipoinuka. Wote, kwa pamoja. Walijipanga mpaka nyuma ya godauni. Mjomba Hironimus, kaka yake mama, mtu ambaye huwa hafungui mdomo, alinyoosha mkono akauliza, "Na yanga nayo itakuja?" Ramson wangu, shabiki wa Simba tangu utoto, alidhani anaulizwa habari za mpira! Akanyanyua mkono juu akasema, "Yanga itakuja, na Simba itakuja. Songea ni ya wote." Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi yetu. Nilicheka mpaka machozi. Yanga kwetu ni yale mahindi ya njano ya msaada, yaliyoletwa kwa malori mwaka ule wa njaa nilipokuwa mtoto, baada ya watu kuandikwa majina. Sikumsahihisha. Alikuwa amependeza mno pale kwenye ngazi.

Mia mbili na kumi na nne! Hakuna kijiji kilichotupa hata hamsini. Watu wa kwetu wana moyo wa amani. Bibi alikuwa wa kwanza kabisa, alisukuma watu akasema yeye ni mke mkubwa, hapangi foleni. Alibonyeza dole gumba kwenye wino wa mhuri, wino wa zambarau, akalibandika kwenye karatasi kwa nguvu zake zote.

Baadaye, jikoni kwake, tulikula viazi vitamu. Mahindi aliyopanda yamekauka, lakini bado ana mbegu ya akiba, mahindi mazima kama thelathini yamefungwa kwa kamba juu ya meko, meusi kwa moshi. Aliyagusa kwa fimbo yakagongana. "Mvua ikirudi, hawa wanarudi shambani," alisema. Halafu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na hao wakubwa wenu, watatuletea lini?" Nikamwambia barua ikishafika, watajibu. Ramson alikuwa nje anahesabu majina kwa mara ya pili, anaimba peke yake.

Nimemwahidi Bibi nitarudi kabla ya mwezi kwisha.

Jumatatu, 25 Desemba. Sifuri

Noeli. Kituo hakifungwi, kwa hiyo mume wangu alipima mvua ambayo haipo, akaja tukala kuku. Hatukwenda Mpitimbi, hakuna gari. Mwaka mpya basi.

Jumatatu, 1 Januari 1996. Sifuri.

Alhamisi, 4 Januari. Sifuri.

Sharifa, mpangaji mwenzetu wa chumba cha uani, anasema sokoni unga umeanza kuadimika. Ramson haongei sana. Jana aliamka kutazama mawingu kama mtu anayemsubiri mgonjwa.

Jumatatu, 8 Januari. Sifuri.

Ijumaa, 12 Januari. Mvua: 44.6

Imenyesha! Alirudi amelowa hadi soksi, akanibeba mlangoni mbele ya Sharifa, nikataka kufa kwa aibu na kwa raha. Arobaini na nne nukta sita. Nimeiandika kwa herufi pia ili Mungu aone. Sasa Bibi anashusha yale mahindi ya mekoni, anapanda upya.

Jumamosi, 20 Januari. Mvua: 18.0

Barua imepostiwa leo. Majina mia tano na themanini na moja, zaidi ya theluthi ni ya Mpitimbi. Isidori ameniita Malkia wa Wino. Ramson alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani, mchana kweupe, na watu wa hapa hawajazoea.

Nilitaka kwenda kwa Bibi kesho lakini nguo zimerundikana. Nitakwenda kabla ya mwezi kwisha.

Jumanne, 30 Januari. Mvua: 6.3

Redio imetangaza. Ile nchi imesema inaacha majaribio yake ya nyuklia, basi, hayatarudiwa. Isidori alifunga kibanda chake cha redio akaja anakimbia, shati halina vifungo. Tukakusanyika kwetu wote kumi na mmoja. Najua barua yetu labda bado iko kwenye gunia la posta. Ramson naye alilisema hilo. Lakini dunia ilikuwa imejaa watu kama sisi walioandika majina yao, na leo walikuwa wanacheza mahali fulani kama tulivyokuwa tunacheza sebuleni kwetu, viti vimetolewa nje. Mume wangu alisema mbele ya wote, "Mpitimbi ndiyo iliyotubeba." Nilijiona mrefu.

Jumatano, 31 Januari. Mvua: 12.1

Mjomba Hironimus amekuja. Ramson alikuwa kazini.

Nilimwamkia, nikamwekea chai. Aliinywa yote, akakubali ya pili, akaila mikate mitatu bila kuinua macho, na ndipo nilipoona jinsi kola yake ilivyopwaya. Akaniuliza malori yamekwama wapi. Nikauliza malori gani. Akasema ya yanga.

Alieleza taratibu, kama mtu asiyetaka kulaumu. Walijua mambo ya serikali huchelewa. Baadhi walisubiri kwa kula walichobaki nacho. Kwanza makapi, halafu mbegu, kwa sababu kulikuwa na uhakika. Majina yalikuwa yameandikwa, na mume wangu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba yanga itakuja. Mvua iliporudi tarehe kumi na mbili, wenye mbegu walipanda. Kaya kama ishirini hazikuwa na cha kupanda.

"Na Bibi?" nikauliza.

"Mama alikula yake juma la Noeli," alisema. "Nyingine aliwapa jirani wenye watoto. Alisema mjukuu wake ndiye aliyeandika, hawezi kusahauliwa."

Nilimpa mjomba unga wote uliokuwa ndani. Nilimwambia amwambie Bibi nakuja. Hakuuliza lini.

Ramson aliporudi alikuta sufuria tupu, nikamwambia kichwa kinaniuma. Alinikanda shingo. Bado anaimba.

Alhamisi, 1 Februari. Mvua: 8.8. Sikumwambia.

Ijumaa, 2 Februari. Mvua: 15.0. Sikumwambia.

Jumamosi, 3 Februari. Mvua: 27.5

Kundi limeamua kuandika habari ya ushindi kwenye gazeti la vijana. Ramson anataka nieleze tulivyopata majina ya Mpitimbi, ili vijana wengine wajifunze namna ya kuzungumza na watu wa vijijini. Nilikaa na kalamu, nikaandika "Shikamooni wazee", nikaishia hapo.

Nawaza iwapo mtu anaweza kumpenda mtu kiasi cha kutotaka aambiwe ukweli. Halafu nawaza kwamba si yeye niliyekuwa namlinda, ni ule uso wake anaponitazama.

Jumanne, 6 Februari. Mvua: 3.1. Sikumwambia.

Jumamosi, 10 Februari. Mvua: sijui

Nimekwenda peke yangu, nimemwambia Ramson naenda kusalimia tu. Nimebeba unga, chumvi, dagaa na mbegu kilo nne. Daraja dogo lilikuwa limesombwa, nikavua viatu, nikatembea kutoka hapo.

Watu wa kijijini waliniamkia vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia alinyoosha mgongo akaniuliza kwa furaha, "Mmekuja na gari?"

Bibi alikuwa jikoni, amelala kwenye mkeka karibu na meko ingawa ilikuwa mchana. Amekuwa mdogo. Alipotaka kuinuka nilimzuia, na alikubali kuzuiwa, yeye ambaye hajawahi. Kifua kilikuwa kinakoroma. Kamba ilikuwa bado inaning'inia juu ya meko, haina kitu.

Alinyoosha mkono nimsalimie, nikaona dole gumba. Lilikuwa zambarau bado, zambarau iliyokolea, miezi miwili baada ya siku ile. Nikauliza mbona wino haujatoka. Akatabasamu, akanionyesha kikombe cha bati pembeni chenye maganda ya zambarau zilizopondwa. Wino ulipoanza kufifia aliona hatari. Wagawaji ni wageni, watamjuaje mtu aliyeandikwa? Basi kila baada ya siku mbili tatu alikuwa anachovya kidole kwenye maji ya zambarau.

"Gari limefika?" aliniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno ya kuzungukazunguka. Yote yalinipotea. "Hakuna gari, Bibi. Halikuwepo tangu mwanzo."

Nilimweleza. Nilimwambia karatasi ile ilikuwa ya kuwataka wakubwa waache kujaribu mabomu, na waache kutuchafulia hewa. Kwa Kingoni. Na neno lililonishinda pale kwenye ngazi halikuwa gumu hata kidogo. Nilisema "bomu" tu, na Bibi akatikisa kichwa kwamba amenielewa. Alinikumbusha, wakati wa vita ya ng'ambo ya mto Ruvuma, kabla sijazaliwa, walikuja watu wamebeba watoto, na mwanamke mmoja alilala jikoni hapa hapa juma zima, hasikii sauti ya mtu wala ya jogoo, masikio yamekufa kwa mlipuko. "Bomu nalijua mimi," alisema.

Nikamwambia pia kwamba nilijua. Kwamba aliponiuliza watatuletea lini, nilielewa anachouliza, nikamjibu kwa ujanja kwa sababu majina yalikuwa mengi na mume wangu alikuwa anaimba.

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Ungeniambia," alisema. "Ningeweka kidole hivyo hivyo."

Halafu akaongeza, bila ukali wowote, kama mtu anayekumbuka jambo dogo la nyumbani, "Ila mbegu nisingekula."

Nililia nimeweka uso kwenye mkeka wake. Aliniacha nilie. Nilipopika uji alikunywa nusu kikombe. Nikiwa naaga alinishika mkono kwa kile kidole akasema nimwambie mume wetu kwamba sasa yeye Bibi ameona, mvua imepimwa na kweli imeongezeka. Nilimwambia mjomba ampeleke Peramiho hospitali Jumatatu. Nimemwahidi Bibi nitarudi kabla ya mwezi kwisha.

Jumapili, 11 Februari. Mvua: 22.3

Nimemwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kupima.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu vile vigelegele."

Hakupaza sauti. Alimaliza kufunga kamba, kiatu cha kulia, cha kushoto, akaondoka na baiskeli akiisukuma, hakuipanda. Alirudi baada ya ibada. Aliniambia namba, ishirini na mbili nukta tatu, na hakuniambia kitu kingine mpaka giza likaingia. Nilikuwa naosha vyombo aliponijia nyuma. Alisema, "Mimi ndiye niliyesema yanga itakuja. Kwa mdomo wangu. Na niliwaona wanavyoshangilia, nikafurahi, sikujiuliza kwa nini watu wenye njaa washangilie mpira." Nilitaka kumshika. Akasogea kidogo tu, kama mtu anayepisha.

Nimefungua ukurasa wa tarehe 16 Desemba. Nilitaka kuuchana. Badala yake nimefanya kama alivyonifundisha. Penye "Watu wa kwetu wana moyo wa amani", nimepiga mstari mmoja, nikaandika juu yake: Watu wa kwetu walikuwa na njaa. Na herufi za jina langu: D. R.

Jumamosi, 17 Februari. Mvua: 19.7

Ramson aliwaeleza wenzetu. Alitaka kundi liandike barua ya pili, kusema kwamba majina mia mbili na kumi na nne yalitolewa na watu ambao hawakuelezwa walichokuwa wanasaini. Isidori, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mzaha.

"Majaribio yamesimama, ndugu yangu," alisema. "Unataka tuwaandikie kwamba vijana wa Songea ni waongo? Nani atatusikiliza siku nyingine?"

"Nataka wajue nani hakuulizwa," Ramson alisema. "Wale wanaolipua mabomu kwenye visiwa vya watu, shida yao ni hiyo hiyo. Hawakuuliza."

Walipiga kura. Tisa kwa wawili. Tulirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara, mvua inanyesha. Ameiandika barua mwenyewe, kwa mkono wake, kwa jina lake. Sikuwahi kumwona mzuri hivi, na sijui kama naruhusiwa kumwambia.

Jumatano, 21 Februari. Mvua: 30.9

Jumatano ya Majivu. Mjomba ametuma ujumbe: Bibi ametolewa hospitali, ana nafuu kidogo, amesema anataka afe kwake na kwamba huo ni utani. Nitakwenda Jumamosi.

Jumamosi, 24 Februari. Mvua: 61.2

Njia imekatika. Malori yote yamegeuka.

Alhamisi, 29 Februari. Mvua: 38.4

Mwezi umekwisha. Mwaka huu uliongezewa hata siku moja, na bado sikufika.

Alhamisi, 7 Machi. Mvua: 5.5

Bibi amefariki Jumanne alfajiri. Tumemzika jana.

Wamesema ni mapafu. Wote wamesema ni mapafu, mjomba, katekista, jirani, wamelirudia neno hilo kwangu kwa upole mkubwa kana kwamba ni kitu wananipa nishike. Hakuna aliyetaja mbegu.

Tulikwenda kwa miguu kutoka penye daraja, Ramson amebeba viatu vyangu. Wanawake waliomwosha Bibi waliniambia rangi ya kidole haikutoka. Mmoja aliuliza kama ni dawa ya hospitali. Nilisema hapana. Ramson alichimba kaburi pamoja na wajukuu wa kiume. Watu walitazama anavyoshika jembe, na ni kweli, hajui. Viganja vilichubuka na hakuliachia.

Isidori alikuja kwa baiskeli, amelowa tope hadi shingoni, nyuma amefunga mbegu za maharage kwenye mfuko wa salfeti. Alimkabidhi mjomba azigawe kwa wale ambao hawakupanda mahindi. Maharage bado yanawahi. Hakutusemesha. Alikaa na wanaume mpaka mwisho.

Jana, tuliporudi, Ramson alinishika mkono. Sijui kama ni msamaha au ni utelezi wa njia.

Jumamosi, 16 Machi. Mvua: 14.0

Mahindi mabichi yameingia sokoni. Siwezi kuyala.

Jumatano, 27 Machi. Mvua: 7.2

Barua ya Ramson imejibiwa kutoka Dar es Salaam, mistari minne. Wanamshukuru kwa uaminifu wake. Wanasema majina hayo yanaweza kubaki ikiwa wenyewe, wakishaelezwa, watakubali yabaki.

Jumanne, 9 Aprili. Mvua: 2.4

Pasaka imepita. Mvua nazo zinaaga, asubuhi ni ukungu na mchana jua jepesi. Ramson anasema mwaka huu kitabu kitaonyesha mvua ya kutosha kabisa. Ukijumlisha namba zote, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na njaa. Alisema hivyo, akakaa akiitazama kalamu.

Juma zima amekuwa akinakili majina ya Mpitimbi kutoka kwenye nakala ya kaboni, mia mbili na kumi na nne, kwenye karatasi zenye mistari. Mimi namsomea, yeye anaandika. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa nayo tangu Februari, na ni majina ya watu tu. Tutasimama pale pale kwenye ngazi ya godauni. Nitasema mimi, kwa Kingoni, na neno "bomu" nitalisema, na neno "yanga" pia. Nitasema nilijua. Halafu tutaita jina moja moja. Anayetaka libaki, libaki. Anayetaka liondoke, tutalipigia mstari mmoja mbele yake. Mjomba ameonya kwamba huenda wengine wakatufukuza, na kwamba wana haki.

Jina la Bibi ni la kwanza kwenye orodha. Jana, tulipolifikia, niliweka kidole juu yake. Nikamuuliza Ramson kama hili tulipige mstari kabla hatujaenda, kwa kuwa mwenyewe hayupo kujibu.

"Hapana," alisema. "Yeye ulishamuuliza. Hilo ndilo jina pekee lililo sahihi."

Akaliandika polepole, ameinama jicho likalingana na karatasi, kama anavyoinama kwenye maji. Nilimwekea mkono mgongoni. Hakusogea.

Nimemwandikia mjomba barua leo, dereva wa lori ataichukua kesho. Nimemwandikia: Shikamoo mjomba, waambie watu kwamba safari hii hatuji kuandika, tunakuja kusoma. Mimi na Ramson tutafika kabla mwezi huu haujaisha.